Mungu Alituvusha Mikumi

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliye na mgonjwa ndani, au uliyekwama mahali ambapo huoni pa kutokea. Mimi ni mama wa watoto watatu. Ninapika na kuuza chakula Mikumi mjini, kando ya barabara kuu inayotoka Morogoro kwenda Iringa mpaka Tunduma. Wateja wangu wengi ni madereva wa malori na utingo wao, kwa hiyo habari za pancha nilikuwa nazisikia kila siku nikipakua wali. Zilikuwa habari za watu wengine.

Mwanangu wa pili ana selimundu. Kama ugonjwa huu haujaingia nyumbani kwako, nikueleze kidogo. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa mtu mwenye afya ni za mviringo, kwake hujikunja zikawa na umbo la mundu. Zikiwa hivyo zinakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto anaumwa mifupa, mgongo, kifua, mpaka analia usiku kucha. Tena hazidumu, hufa mapema, ndiyo maana watoto hawa huishiwa damu. Mtoto anaurithi kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao wenyewe hawajawahi kuumwa. Sisi tuligundua alipovimba vidole vya mikono na miguu akiwa bado hajasimama dede. Tukapelekwa kupima, tukaambiwa. Nililia sana. Mama mkwe wangu akanifuta machozi kwa kanga yake akaniambia, "Mwanangu, huyu ni wetu sote. Hutamlea peke yako." Na kweli hajaniacha hata leo.

Masika ya mwaka 2019 mtoto alishikwa na malaria. Kwa mtoto wa selimundu malaria si homa ya kumeza dawa ukalala. Damu inashuka haraka kuliko unavyodhani. Asubuhi alikunywa uji. Mchana akakataa chakula. Jioni nilimfungua viganja nikaona vimekuwa vyeupe, hakuna hata alama ya wekundu kwenye mistari ya mkono, na macho yamegeuka manjano. Alikuwa anapumua juu juu. Tukamkimbiza kituoni. Mganga akamwangalia, akampima, akatuambia bila kuzunguka kwamba damu imeshuka sana, kwamba usiku ule pale hapakuwa na damu ya kundi lake, na kwamba tumpeleke hospitali ya mkoa Morogoro saa hiyo hiyo, tusisubiri kukuche. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka muda mfupi kabla na mama aliyeshindwa kujifungua. Sina kinyongo. Yule mama naye alikuwa na watu wake wanaomsubiri.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ana Noah anayofanyia kazi ya kubeba abiria. Alipopigiwa simu hakuuliza mara mbili. Alikuja na kandambili miguuni. Mama mkwe alinifungia mtoto kwa kitenge, akaweka kwenye mfuko chupa ya uji, kanga mbili, kipande cha sabuni ya mche na chupa kubwa ya maji. Akaweka mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake akamwombea. Kisha akasema, "Nendeni. Mimi nabaki na hawa wawili, na nabaki magotini." Mume wangu alikaa mbele na shemeji. Mimi nilikaa nyuma, mtoto kichwa chake mapajani kwangu.

Anayeijua barabara ile anajua kwamba ukitoka Mikumi mjini kuelekea Morogoro unaingia mara moja ndani ya Hifadhi ya Taifa. Ni kama kilomita 50 barabara inapita katikati ya wanyama. Hifadhi ile ipo tangu mwaka 1964, na sisi wenyeji tumeizoea. Mchana abiria wa mabasi wanaona tembo, twiga na swala bila kulipa kiingilio. Kuna vibao vya kukuambia mwendo usizidi, vibao vyenye picha za wanyama na faini utakayotozwa ukimgonga mmojawapo, na matuta ya kukupunguza mwendo. Kushuka kwenye gari hakuruhusiwi. Hakuna nyumba, hakuna duka, hakuna taa. Usiku unaona kile tu taa za gari lako zinachomulika, na nyasi pembeni.

Tulikuwa tumeshaingia ndani kabisa. Mvua ilikuwa imekatika, lami inang'aa. Shemeji alikuwa anaendesha taratibu kama sheria inavyotaka, na mimi rohoni nilitamani akanyage mafuta, lakini nilijua tukimgonga nyati hatufiki. Mara nikasikia chini ya gari kishindo, pa, halafu pa ya pili. Usukani ukavuta kushoto. Shemeji akasema, "Yesu!" akaachia mafuta, gari likajikokota likasimama pembeni.

Ulikuwa ni ubao. Baadaye tuliuona vizuri: kipande cha ubao wa kufungia mizigo, kilichoanguka kwenye lori, na misumari ya inchi nne imesimama juu. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limekaa chini kabisa. Mume wangu na shemeji walitazamana. Hapo ni mbugani, usiku. Lakini mtoto ni yule anahema nyuma. Wakashuka.

Nashukuru Mungu shemeji ni dereva anayejua kazi yake. Walivunja matawi wakayatandaza barabarani nyuma ya gari, kama desturi ya madereva wetu, ili wanaokuja wajue kuna gari limeharibika. Wakaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Wakalegeza nati kabla ya kupandisha jeki, maana gari likishakuwa juu gurudumu linazunguka tu na nati haikazi wala hailegei. Mume wangu alishika tochi ya simu huku akizungusha shingo kila upande. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi za mtoto. Spea ikaingia. Nikasikia spana ikikaza. Nikasema asante Bwana, tunaondoka.

Basi shemeji akiwa ameinama kukusanya vyombo vyake, akanyamaza. Akasema, "Kaka, zima hiyo simu usikilize."

Tukasikia. Sssss.

Tairi la nyuma, kushoto hapo hapo. Lilipita juu ya ubao ule ule. Msumari ulikuwa umekatikia ndani ya mpira, na upepo ulikuwa unatoka polepole pembeni yake. Spea ilikuwa moja, na ilikuwa imeshatumika.

Ndugu yangu, hapa naandika polepole.

Walirudi ndani ya gari. Tukafunga milango. Tukapandisha vioo. Hakuna aliyesema neno. Sauti ile ilikuwa inasikika hata vioo vikiwa vimefungwa, au labda ilikuwa masikioni mwangu tu. Gari likaanza kulala upande, taratibu sana. Nililihisi likilala.

Mume wangu alijaribu simu. Mtandao ulikuja ukaondoka. Alimpata mama yake kwa muda mfupi, akasema, "Mama, tumepata pancha mbugani, zidi kuomba." Nikasikia mama mkwe anaita jina la mjukuu wake. Simu ikakata.

Magari yalipita. Basi moja lilipita kwa kasi. Lori likapunguza, likatuzunguka, likaenda. Shemeji alitoka akapunga mikono kwenye mwanga wa taa. Hawakusimama. Siwalaumu. Porini usiku mtu akikupungia mkono hujui kama ana shida au ni mtego. Hata sisi tungeogopa.

Kisha kukawa giza kweli. Nikasikia kitu kinavunja matawi upande wa kulia. Kikubwa. Shemeji akanong'ona, "Tembo. Msiwashe taa." Tukakaa. Nilisikia hatua zao zikipita mbele ya gari. Nilisikia hata wanavyopumua. Sijui walikuwa wangapi. Nilikuwa nimefumba macho, mkono mmoja juu ya mdomo wa mtoto ili asilie.

Lakini mtoto hakuwa analia.

Hilo ndilo lililonimaliza. Tangu jioni alikuwa anagumia, mama mgongo, mama mguu. Sasa kimya. Nikamwita. Hakujibu. Nikamwita tena kwa jina la utani analolipenda. Akafungua macho kidogo, akasema, "Mama, maji." Nikampa kwa kifuniko cha chupa. Maji yakatokea pembeni mwa mdomo. Midomo yake ilikuwa mikavu na haina rangi. Mikono ya baridi. Nikaiweka ndani ya nguo yangu, kifuani.

Nilitoa rozari. Nilishindwa kuisali. Maneno niliyoyajua tangu utoto yaliniponyoka yote. Nikawa nasema tu, Mungu, ni huyu. Mungu, ni huyu hapa. Sikuwa na sala nyingine. Mume wangu aligeuka kutoka kiti cha mbele akashika mguu wa mtoto, akaweka kichwa chake kwenye mgongo wa kiti. Niliona mabega yake yanatikisika. Tangu anioe sikuwahi kumwona hivyo.

Kama wewe uko mahali hapo sasa hivi, kama unashika mkono wa mtu wako na ni wa baridi na maneno yamekuishia, mimi nilikuwepo hapo. Usijilazimishe sala ndefu. Ile fupi inafika.

Sijui ulipita muda gani. Tembo walikuwa wameshaenda zao. Ukaja mwanga mkubwa kutoka nyuma, wa juu, taa nyingi. Semitrela. Lilipofika kwenye matawi likapunguza, likapiga honi fupi, likatoa ule mlio wa breki za upepo, pshhh, likasimama nyuma yetu na taa zake zote zinawaka. Ghafla tukaona kila kitu: nyasi, lami, vumbi kwenye kioo, uso wa mwanangu.

Dereva alitelemka na utingo wake. Mtu mzima, kofia kichwani, ndevu zina mvi. Akasema, "Poleni, ndugu zangu. Kuna nini?" Kabla shemeji hajamaliza kueleza akawa ameshachungulia ndani akaniona. "Mama, mtoto ana nini?"

"Ana selimundu, baba. Damu imeisha. Tunampeleka Morogoro akaongezwe."

Hakusema neno zaidi. Alimgeukia utingo: "Leta kile kimfuko. Na mpira wa upepo." Yule kijana akapanda lorini mbio.

Nilichokiona baada ya hapo nimekiweka moyoni, na nitakueleza chote. Nilihamishia mtoto mapajani kwa baba yake, nikashuka kumulika, kwa sababu shemeji na utingo walikuwa kwenye jeki. Shemeji alitaka kung'oa msumari kwa koleo. Yule mzee akamshika mkono. "Usiuguse bado. Ukiung'oa unapoteza tundu na unamaliza upepo uliobaki." Akalizungusha gurudumu taratibu mpaka kipande cha msumari kikatokea juu, akakitazama kwa karibu, akapitisha kidole kuzunguka. Akasema, "Alhamdulillah. Umeingia katikati, penye meno. Ungeingia ubavuni nisingeweza kuwasaidia, ubavu wa tairi hauzibwi." Akamuuliza shemeji kama alitembelea tairi likiwa halina upepo. Shemeji akamwambia alisimama pale pale. "Vizuri," akasema. "Ungelitembelea rimu ingelikata kwa ndani."

Kutoka kwenye kimfuko alitoa vyuma viwili vyenye mikono ya kushika kama ya kizibuo, na kipande cha mpira mwembamba wa kahawia, mrefu kama kidole, wenye gundi inayonata. Aliung'oa msumari. Upepo ukapuliza wote usoni kwetu, una harufu ya mpira mkavu. Moyo wangu uliruka, nikaona kama ametumaliza. Yeye hakubabaika. Alichukua chuma cha kwanza, kina makwaruzo kama tupa, akakizamisha ndani ya tundu, akakivuta na kukisukuma, akakizungusha, ili kingo za tundu zikwaruzike na gundi ipate pa kushika. Mshipa wa shingo ulimsimama. Kazi ile inataka nguvu, kwa sababu ndani ya mpira kuna nyuzi za chuma. Kisha akapitisha ule uzi wa mpira kwenye jicho la chuma cha pili, kama unavyotunga sindano ya kushonea magunia, akausogeza mpaka ncha zikalingana pande zote mbili. Akaupaka gundi. Akasema "Bismillah," akakilalia kile chuma kwa uzito wake wote.

Uzi ukaingia. Ulipobaki kidogo tu nje, kama upana wa kidole, alikivuta chuma kwa ghafla. Chuma kikatoka. Uzi ukabaki ndani, umejikunja, ncha mbili zimechomoza. Akazikata kwa kisu.

Utingo alikuwa ameshachomeka mpira wa upepo kwenye tangi la lori. Malori makubwa yanafunga breki kwa upepo, kwa hiyo yanatembea na upepo wao ndani ya matangi, na dereva mwenye mpira wa kufaa anaweza kukujazia tairi popote. Mimi nilikuwa nawapikia watu hawa miaka yote na sikulijua hilo. Tairi likaanza kuinuka. Naliona mpaka sasa. Mpira uliokunjamana chini ulijinyoosha, ukasimama, ukajaa.

"Kuna maji na sabuni?" akauliza. Nikakimbilia mfuko wa mama mkwe. Kipande kile cha sabuni ya mche. Nikakisugua kwenye kiganja chenye maji, nikampa povu, akalipaka pale penye kiraka. Tukainamisha vichwa wote wanne chini ya tochi. Kama upepo unavuja, povu litapanda mapovu madogo madogo. Tukasubiri. Povu lilikaa tuli. Halikutoa hata pumzi moja.

Nilipiga magoti pale pale kwenye lami yenye maji. Yule mzee akaniinua. "Amka, mama. Huu ni muda wa mtoto."

Shemeji alitoa pesa mfukoni. Mzee akazikataa. Alisema kiraka kile ni cha kutufikisha tu, tukifika tumwone fundi pancha alitoe tairi kwenye rimu na kuweka kiraka kwa ndani. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Tangulieni, mimi nawafuata. Kikitokea kingine mtaniona nyuma." Na akatufuata kweli, na mzigo wake wote. Tulipita Doma, tukaiona mitaa na taa za watu, bado nikigeuka naziona taa zake. Tulipita Melela. Karibu na Mzumbe alipiga honi mbili, na tulipoingia Morogoro hatukumwona tena.

Hospitalini walitupokea kwa haraka. Sitaeleza mengi ya pale. Damu ya kundi lake ilikuwepo. Walipata mshipa baada ya kuhangaika, kwa sababu mishipa ilikuwa imezama. Mume wangu akapelekwa kuchangia damu ili chupa iliyotumika irudishwe kwa ajili ya mgonjwa mwingine, na shemeji naye akajitolea, na kandambili zake. Mimi nilikaa kitandani nikiangalia tone likianguka, na lingine. Kulipokucha midomo ya mtoto ilianza kurudi rangi, kwanza katikati, kisha pembeni. Akaniuliza kama uji wa bibi umebaki. Daktari wa zamu alituambia kwamba tungechelewa mpaka asubuhi asingetuahidi chochote.

Shemeji alikwenda Msamvu kwa fundi pancha. Tairi likatolewa, likapigwa kiraka kwa ndani. Fundi alipotoa tairi akaukuta ule uzi wa mpira umeshika barabara. Akauliza nani aliziba. Shemeji akamwambia, hatujui jina lake.

Hofu haijaniisha kabisa, nisikudanganye. Hadi leo tukipita mbugani kwenda kliniki, kokoto ikinasa kwenye tairi ikaanza kulia tik tik tik, mkono wangu unamtafuta mtoto wenyewe. Shemeji ananijua, anasimama tukitoka tu hifadhini, anashuka, anaangalia magurudumu yote manne, ananiambia, "Shemeji, ni jiwe." Ndipo napumua. Ndani ya Noah siku hizi kuna kimfuko kama kile, na pampu ya upepo inayochomekwa penye kiberiti cha gari. Nilimwambia anifundishe. Najua kukwaruza tundu, kutunga uzi, kusukuma. Nguvu zangu ni ndogo lakini nikilala juu ya chuma unaingia.

Mtoto anaendelea na kliniki. Ameanzishiwa haidroksiyurea, dawa inayosaidia kupunguza yale maumivu na kuishiwa damu, na tunashukuru anasoma kama wenzake, ingawa siku za baridi namfunga masweta mpaka ananikasirikia. Bado anaumwa. Bado kuna usiku nalala nimekaa. Kama na wewe una mtoto wa namna hii, usingoje kukuche ukiona viganja vimekuwa vyeupe.

Yule mzee tulimpata. Nilikuwa nimewaeleza madereva wote wanaokula kwangu: kofia, ndevu za mvi, semitrela, utingo kijana, usiku wa mvua. Siku moja mchana dereva mmoja alinipa simu yake akasema, "Mama, ongea na mtu wako." Nikaisikia sauti. Sikuweza kusema. Yeye ndiye aliyeuliza, "Mtoto alipona?" Nikamwambia yuko hapa, amerudi shule, anakula. Akasema, "Nilimwambia mke wangu habari zenu, tulikuwa tunamwombea bila kumjua jina." Nikamwambia jina.

Siku hizi akipita Mikumi anakula kwangu. Mama mkwe huja mwenyewe kutoka nyumbani kumsalimia, na mtoto ndiye anayemmiminia maji ya kunawa. Pesa sipokei. Yeye naye, akimaliza kula, anaiacha chini ya sahani.